Maneno Saba Niliyoyafuta kwa Mkono Wangu

Wadogo zangu, kuanzia Jumamosi hii sanduku la vikaratasi litakuwa mikononi mwenu na mimi nitakuwa mstaafu. Msicheke. Najua nina miaka kumi na minane, na mstaafu mnayemjua nyinyi ni mzee wa fimbo anayelalamikia magoti. Lakini kazi hii nimeifanya miaka minne, nimeiharibu, nimeitengeneza, na sasa naenda Bukavu kusoma. Mtu wa namna hiyo mnataka aitwe nani?

Mnanijua pia kwamba kusema mbele za watu kunanishinda. Mwalimu akiniuliza darasani, jibu ninalo, ila naligeuzageuza mpaka mwingine analisema yeye na kusifiwa yeye. Kwa hiyo sitasimama mbele yenu kuwafundisha. Nimewaandikia. Mengi nimeyatoa kwenye kaye yangu, daftari langu la kila siku, yale ya aibu nikayaacha vilevile yalivyo.

Kazi yenyewe ni hii. Bibi Nuru, dada mkubwa wa nyanya yangu, ana kitabu kilichoandikwa kwa mkono na baba yake. Ni kitabu cha maneno ya Kiarabu cha zamani, yale ambayo hata Mwarabu wa leo akiyasikia anakunja uso. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa hapa ziwani, kama baba yake na babu yake. Aliuza chumvi na nguo, na jioni aliandika maneno. Hakuwahi kumwona ngamia hata siku moja, lakini alijua majina yake zaidi ya arobaini: ngamia aliyezaliwa leo, ngamia aliyeachishwa ziwa, ngamia mwenye mimba ya miezi kumi, ngamia mzee aliyebaki na meno mabovu. Kila jina na maana yake kwa Kiswahili chetu, kwa mwandiko mdogo kama mchele.

Ziwa lilipopanda na maji kuingia nyumbani kwao mtaani Songo, kitabu kilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda. Mbele kilipona. Nyuma wino ulitawanyika. Na macho ya Bibi wakati huo yalikuwa yameanza kuziba. Akatafuta mtu wa kumsomea na kuandika upya. Mjukuu wake wa kiume alijaribu wiki moja, akasema ni heri abebe mifuko ya simenti. Nikaitwa mimi, kwa sababu, Bibi alisema, "huyu anyamaza, hatanisumbua."

Tulifanyia kazi dukani kwake Kavimvira, katikati ya vitenge, mita chache tu kutoka mpakani. Msifikiri ni mahali pa kimya. Mteja kutoka upande wa Burundi anataka kujua kama rangi itachuja, lori linapiga honi, na Bibi amekaa juu ya kiti chake, amefumba macho, ananiambia, "Endelea. Huwari. Herufi ya kwanza iko nini?" Wabadilisha pesa wa pale nje walituzoea. Mmoja kila asubuhi aliuliza, "Mama Nuru, leo neno linapanda ao linashuka?" Bibi alimjibu, "Linapanda. Leta dola zako zote."

Sasa sikilizeni namna ya kufanya.

Kila neno lina kikaratasi chake kabla halijaingia kitabuni, na kikaratasi kinakatwa kutoka kartoni ile inayokuja ndani ya vitenge. Usikate kwa mkasi wa duka, Bibi atasikia mlio wake na utajuta. Andika kwa kreyo, yaani penseli, kamwe si kwa biki, maana unyevu wa ziwa unaupenda sana wino. Andika neno kwanza bila alama za irabu, lisome mara tatu kwa sauti, ndipo uweke alama. Mimi mwanzoni niliweka alama harakaharaka ili nionekane najua, na Bibi akanifanya niandike upya vikaratasi vya wiki nzima. Hakukasirika. Alikuwa anahesabu nguo na kusema "lingine" na "lingine" mpaka mkono ukafa ganzi.

Na hii ndiyo kanuni kubwa ya nyumba hii: maana haiandikwi mpaka ipatikane kwa mtu aliyekigusa kitu chenyewe. Simu itakupa maana kwa sekunde mbili, kama mega za intaneti hazijaisha na kama haijashika mtandao wa Burundi na kukula salio lote. Itafuteni huko, sikatazi, mimi nilitafuta sana. Lakini simu ikikwambia "aina ya ngamia jike", bado hujui kitu. Aina gani? Anafanya nini? Nani anamwita hivyo, na akiwa na furaha ao na hasira?

Ngamia hapa hatuna. Ndiyo maana maneno ya ngamia tuliyapeleka kwa ng'ombe.

Hilo wazo lilikuwa la baba yake Bibi. Alikuwa na rafiki mfugaji kule Lubarika, na kila neno la mifugo alimpelekea akamuuliza, "Nyinyi ng'ombe wa namna hii mnamwitaje?" Rafiki yule alishakufa. Mwanawe, Papa Bosco, ndiye anayetusaidia. Ni Mkatoliki, analima mahindi, ana ng'ombe sita, na anaongea Kirundi na ng'ombe wake zaidi ya anavyoongea na mke wake. Ukimwambia, "Papa Bosco, Waarabu wana jina la ngamia jike aliyemaliza mwaka, mama yake ameshapata mimba nyingine," atakaa kidogo, atasema, "Huyo si inyana tena, na hajawa ishashi. Iko katikati pale. Njo wakati anaanza kiburi." Mimi naandika yote, inyana ni ndama, ishashi ni mtamba, na kiburi pia. Hakuna kamusi iliyochapwa ambayo inacho kile kiburi. Kitabu chetu kinacho.

Haya, sasa kosa langu.

Kurasa za nyuma, zile zilizolowa, Bibi hakuwahi kuzihifadhi kichwani kama alivyohifadhi za mbele kwa baba yake. Baba yake alikufa kabla hawajazifikia. Kwa hiyo huko alinitegemea mimi peke yangu. Aliuliza, "Maana?" na mimi nilitakiwa kusema kilichobaki kinachosomeka, ao kusema sijue. Neno dogo vile. Lakini Bibi alikuwa na namna ya kungoja. Anageuza uso upande wangu, macho yamefumba, mkono juu ya kitenge, na wateja wanatazama. Siku moja neno lilikuwa *bawu*. Lenyewe lilisomeka, ila maana yake ilikuwa doa la rangi ya chai, na mwishoni yalibaki maneno machache tu: "…thumamu, mama yake akamwona, akateremsha maziwa."

"Maana?" Bibi akasema.

"Ndama mchanga," nikasema.

Sikulijua. Nilikisia. Kama mama anamwona na kutoa maziwa, basi ni ndama, nani mwingine? Bibi akatikisa kichwa, "Vizuri, mwanangu," na nikaipenda ile sifa. Siku iliyofuata *thumamu* nikaiandika "majani makavu ya migomba". Simu ilikuwa imesema ni nyasi fulani. Sisi huku tukitaka kujaza mto ao kuziba tundu tunatumia majani ya migomba, nikaona inatosha. Mpaka tunamaliza, nilikuwa nimejaza maneno saba hivyo. Niliyajua yote saba. Usiku nilikuwa nayasoma kichwani kama mtu anayehesabu meno yanayouma.

Ningeweza kuishi nayo, kama si wazee wa msikiti.

Bibi alikuwa ameomba kitabu kipya kikimalizika kikae kwenye kabati la msikiti, na wasichana wapewe kile chumba cha nyuma Jumamosi wakisome. Wazee walijadiliana miezi. Mzee Salumu, yule mwenye duka la vipuri, alisema waziwazi kwamba kitabu kilichoandikwa na mwanamke asiyeona na mtoto wa shule hakiwezi kuaminiwa. Mwishoni walikubaliana kukipima: Ijumaa, baada ya swala, Shehe Ramazani atakifungua popote na kuuliza. Kikiwa kamili na sahihi, kinapokelewa na chumba ni chetu. Kama sivyo, kinarudi nyumbani. Kurudi nyumbani maana yake ni kurudi kwenye unyevu, na Bibi hakuwa na macho ya kuanza tena.

Jumanne ya wiki hiyo Bibi akasema twende Lubarika, Papa Bosco asikie maneno ya mwisho ya mifugo.

Tulipanda gari la asubuhi, kisha moto mbili, yaani pikipiki. Kwenye barieri, kizuizi cha njiani, askari alifungua sanduku letu.

"Hii iko nini?"

"Maneno," Bibi akasema.

"Maneno gani?"

"Ya ngamia."

Askari akatazama ndani, akatazama nyuma ya moto. "Na ngamia mwenyewe iko wapi?"

"Hapana ngamia. Iko majina yake tu."

Alifikiri sana. Kisha akamwambia mwenzake, "Achia huyu mama apite, iko na mambo yake," na mwenzake akaniangalia kwa huruma, kama mimi ndiye ninayempeleka mgonjwa.

Papa Bosco alitukaribisha na maziwa. Nikaanza kusoma. *Huwari*, ndama wa ngamia tangu kuzaliwa mpaka kuachishwa. Akapata la kwake. *Salubu*, jike aliyefiwa na mtoto wake. Hapo akasema, "Ninaye mmoja sasa hivi." Nikafika kwenye *bawu*. "Ndama mchanga," nikasoma, kwa sauti yangu ile ya chini, na nikamalizia na kile kipande kilichobaki kitabuni, thumamu nikaisema majani ya migomba.

"Ngoja," Papa Bosco akasema. "Ndama mchanga ulishanisomea. Ule wa kwanza."

"Ndiyo, Papa."

"Sasa hawa Waarabu wako, bantu wa majina arobaini ya ngamia, watamwita mara mbili kwa sababu gani? Na haya majani ni ya nini? Mama iko na ndama mzima, anaona majani ili iweje? Mama Nuru, ng'ombe wangu hajue Kiarabu, lakini hapa angekataa."

Bibi akageuza uso kwangu. Nikatazama kikombe changu.

Papa Bosco akasimama. "Kujeni."

Alitupeleka zizini. Kulikuwa na ng'ombe mwekundu, mbavu zinaonekana, aliyefiwa na ndama wiki mbili nyuma. Papa Bosco akaingia ndani ya kibanda, akatoka amebeba kitu nikadhani ni mtoto wa ng'ombe amelala. Ilikuwa ngozi. Ngozi ya yule ndama, imeshonwa tumboni, imejazwa nyasi mpaka ikavimba, chumvi imepakwa mgongoni. Akaiweka mbele ya mama. Yule ng'ombe akainusa, akaanza kuilamba, polepole, na mke wa Papa Bosco akachuchumaa na ndoo, na maziwa yakashuka.

"Bila hii hatoi hata tone," Papa Bosco akasema. "Baba yangu alifanya hivi. Na baba yake."

Bibi aliomba aishike. Papa Bosco akamwongoza mkono. Alipapasa shingo, mgongo, ule mshono wa tumboni, akabaki pale amegusa mshono. "Bawu," akasema. "Kumbe baba yangu alikuwa anaandika hii. Huyu rafiki yake njo alimwonyesha." Nikaandika palepale: *ngozi ya ndama aliyekufa, hujazwa nyasi na kuwekwa mbele ya mama yake ili ateremshe maziwa.* Hilo ndilo neno la kwanza katika maisha yangu nililoliandika nikiwa nalisikia linanuka.

Kurudi tulingoja gari muda mrefu kando ya barabara. Bibi hakuuliza kitu. Ni yeye kutouliza ndiko kulikonitoa maneno.

"Bibi, ile maana ya bawu nilitunga."

"Nimejua."

"Si hiyo peke yake. Yako saba."

Baiskeli ya makaa ikapita, nyingine ikapita.

"Kwa nini hukusema hujui?"

"Niliona haya."

"Ukaona haya kwangu, hukuona haya kwa baba yangu." Hakupandisha sauti. "Amekufa, hawezi kusema weye unamsingizia. Tangu afe, mimi njo macho yake, na weye macho yangu. Sasa nimempeleka wapi?"

Nililia kidogo, siwafichi. Gari likaja, tukapanda.

Kesho yake dukani alinipa gomu ya kufutia. "Soma moja, futa moja," akasema. Bawu lilikuwa limepata maana yake ya kweli, nikafuta ile ya uongo na kuandika hii. Yale sita mengine nilifuta nikaacha wazi, na kwenye kila nafasi Bibi akaniamuru niandike: *Hatujajua.* Nikamwambia, "Bibi, wazee walisema kamili. Watakikataa." Akasema, "Wakikataa kitabu cha baba yangu, hiyo ni kazi yao. Kukidanganya ilikuwa kazi yako, na umeshaiacha."

Ijumaa msikiti ulijaa. Sisi tulikaa karibu na mlango. Shehe Ramazani ni mtu mrefu, mpole, alisoma Sudani miaka mingi. Alifungua mwanzo, akauliza mawili, Bibi akajibu kutoka kichwani bila kupumua. Akafungua nyuma. Akasoma kimya, kisha kwa sauti: "*Bawu.* Ngozi ya ndama aliyekufa… Tumeiona Lubarika, kwa Papa Bosco, ng'ombe mwekundu."

Mzee Salumu akacheka. "Kitabu cha Kiarabu, na shahidi iko Papa Bosco wa misa ya Jumapili?"

"Mzee Salumu," Bibi akasema, "weye ulishakamua ngamia ngapi?"

Watu wakacheka, na Shehe naye akatabasamu. Akafunua ukurasa. Tabasamu likaondoka. "Hapa *thumamu*. Imeandikwa 'hatujajua'. Na hapa tena." Akahesabu kwa kidole. "Sita."

"Tulisema kamili," Mzee Salumu akasema. "Si tulisema?"

Wakamgeukia Bibi. Aligeuza uso wake upande wangu akangoja, vilevile kama dukani. Nilisimama.

"Yalikuwa yamejaa," nikasema. Nikasikia sauti yangu ni ndogo, nikaanza upya. "Yalikuwa yamejaa, Shehe. Nilijaza mimi, ya kutunga, kwa sababu niliona haya kusema sijue. Bibi hakujua. Nimeyafuta. Yaliyobaki yote humo yana mtu aliyeyaona, na jina lake limeandikwa."

Shehe alirudi nyuma kurasa kadhaa, akasoma polepole, midomo inacheza. Alisoma habari ya kiburi cha ng'ombe wa mwaka mmoja. Alisoma majina ya waliotuambia. Halafu akasema, si kwangu, kama anajisemea: "Mimi kaye zangu za Sudani hazina hata nafasi moja wazi. Sasa najiuliza ni ngapi nilijaza."

Kisha akaomba kreyo. "Thumamu naijua," akasema. "Nimeilalia. Kule inaota mchangani, mafungu mafungu, magumu. Vijijini wanaezekea, na kuziba matundu ya kibanda. Mwenye nyumba tuliyopanga alitujazia nayo godoro, ikatuchoma mgongo mwaka mzima." Akaandika, na chini yake akaandika jina lake, kama tulivyoandika la Papa Bosco. Mzee Salumu alinyoosha shingo kuona mwandiko, akamwambia, "Weka na mwaka, basi, kama unaandika, andika vizuri." Hapo nilijua kitabu kimepokelewa, hata kabla Shehe hajakifunga na kukiweka kabatini yeye mwenyewe.

Njiani Bibi alinishika mkono kwa nguvu kuliko kawaida. Nilimwambia yamebaki matano, na kwamba naona aibu kuyaacha.

"Matano," akasema. "Baba yangu aliniachia kitabu nusu yake maji, na sikuona aibu. Niliona kazi."

Yako kwenye kurasa za mwisho, wadogo zangu. Mawili yanahusu maji, moja ni la upepo, mengine mawili sijue ni ya nini kabisa. Ni yenu.